Pumzi ya Pikipiki: Mazungumzo juu ya Chujio la Hewa

Kila mwenye pikipiki ajua alitia petroli kiasi gani asubuhi, lakini ni wachache wafikirio juu ya hewa. Hata hivyo injini hutumia hewa kwa wingi kushinda petroli. Lita moja tu ya petroli haiwezi kuungua sawasawa isipopata lita 9,000 hivi za hewa, yaani kiasi cha kujaza mapipa 45 ya lita 200. Katika barabara ya lami hewa hiyo si chafu sana. Lakini katika njia za murramu za Kitui au Kajiado wakati wa kiangazi, dereva akifuata nyuma ya lori, injini huvuta hewa na udongo pamoja.

Udongo huo ndio adui. Ndani yake mna chembe za mchanga zisizoonekana kwa macho, nazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia huchanganyika na oili, zikawa kama msasa kati ya pistoni na silinda. Ringi hulika, nguvu hupungua, oili hupanda na kuungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Hapo hakuna dawa ila kufungua injini. Kijana wa bodaboda ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki yake hapati kitu siku hizo za gereji, na mkopo haungoji.

Kwa sababu hiyo ni ajabu kuona mafundi wengine wakiliondoa chujio na kulitupa, wakidai kwamba pikipiki imepata mbio. Ni kweli kwamba chujio lililoziba huinyima injini hewa: plagi hushika masizi, moshi mweusi hutoka, petroli huisha upesi, na mlima huwa mrefu. Likiondolewa, injini huvuta vizuri siku ile ile, na mwenyewe hufurahi. Ni furaha ya mtu aliyeng'oa mlango ili nyumba ipate hewa. Chujio jipya ni rahisi mno likilinganishwa na silinda na pistoni.

Wasikilizaji wakumbuke kwamba machujio si ya namna moja. La sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, au kwa mafuta ya taa mbali na jiko, likaminywa kwa viganja mpaka uchafu utoke. Lisisongwe kama nguo, maana litapasuka. Petroli haifai kabisa. Huharibu sponji na gundi yake, na moto wake hauna subira. Likisha kukauka kivulini hutiwa oili safi, kisha huminywa tena hadi lisidondoshe. Wengi huiacha kazi hii ya mwisho wakiogopa kwamba oili itashika vumbi. Lakini oili hutiwa ili ishike vumbi. Sponji kavu hupitisha vumbi laini.

Chujio la karatasi kavu halioshwi wala halipakwi mafuta. Hugongwa polepole, kisha hupulizwa upepo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Upepo mkali wa mashine ya kujazia magurudumu hutoboa karatasi. Likiwa bado jeusi, au limelowa, au limechanika, ni la kutupwa. Mengine hutoka kiwandani yakiwa yametiwa oili. Hayo hayapulizwi, hubadilishwa tu.

Kitabu cha pikipiki hutaja baada ya kilomita ngapi kazi hii ifanywe, lakini apitaye vumbini kila siku asingoje hesabu hiyo. Yafaa afungue kisanduku kila juma wakati wa kiangazi. Akifungua, azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa safi, apanguse kisanduku kwa kitambaa kibichi, na atazame mpira uendao kwenye kabureta. Mpira huo ukiwa na ufa, au mkanda wake ukilegea, vumbi hupita hapo bila kugusa chujio.