Mwalimu, Timu Nzima Inakusikia

Pita jioni kwenye kiwanja chochote cha watoto. Kabla hujauona mpira utasikia sauti ya mwalimu. "Mzigo wewe!" "Una miguu ya mbao?" "Toka, aingie mwingine!" Watazamaji wanacheka, na mwalimu anadhani amefundisha.

Sasa mtazame yule mtoto aliyetukanwa. Baada ya dakika tano haombi tena pasi. Anajibanza nyuma ya beki wa timu pinzani ili asipewe mpira. Akiupata anaurudisha nyuma upesi kama mtu aliyeshika kaa la moto, halafu anageuka kutazama benchi. Miguu yake ni ileile ya asubuhi. Kilichomtoka ni ujasiri wa kujaribu, na asiyejaribu utamsahihisha nini?

Wapo wanaouliza: basi tuwadekeze? Hapana. Kumwambia mtoto "vizuri sana" baada ya kupiga nje mara tatu ni kumdanganya, naye anajua.

Mfaransa Hervé Renard si mtu mpole hata kidogo. Tarehe 22 Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, timu yake ya Saudi Arabia ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 1-0 kwa penalti ya Lionel Messi wa Argentina. Chumbani Renard aliwafokea vijana wake, na video yake ilitazamwa dunia nzima. Kama mnamwachia Messi mpira katikati ya uwanja, aliwaambia, chukueni simu basi mkapige naye picha! Maneno makali hayo. Lakini alichokikemea ni woga. Hakuwaambia kwamba hawana uwezo. Aliwauliza kama hawaoni kuwa wanaweza kurudi mchezoni. Saleh Al-Shehri alisawazisha dakika ya 48, Salem Al-Dawsari akafunga la pili dakika ya 53, na Argentina ikalala 2-1.

Renard huyohuyo ndiye aliyekuwa na Zambia kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Libreville, Februari 2012. Beki wake Joseph Musonda aliumia mapema, akatoka akilia. Zambia waliishinda Ivory Coast kwa penalti 8-7. Wenzake wakiwa katika shangwe, mwalimu alimbeba Musonda mikononi kama mtoto, akampeleka katikati yao. Mchezaji yule hakuwa na la kumsaidia tena usiku ule. Lakini wengine wote waliona jinsi anavyotendewa mtu ambaye mambo yamemwendea vibaya.

Hapo ndipo walimu wetu wengi wanapoteleza. Wanadhani wanamfokea mmoja. Ukimtukana namba saba, namba nane naye anaogopa kupiga golini.

Mwalimu wa shule ya msingi anayeiandaa timu kwa UMITASHUMTA hana video wala chumba cha kubadilishia nguo. Pengine mpira wenyewe ni mmoja. Lakini sentensi ya kwanza baada ya kosa ni yake. "Ulikimbilia mahali pazuri. Safari nyingine inua kichwa kabla hujapiga." Kisha umwache uwanjani. Ukimtoa papo hapo, maneno yako mazuri yamekwenda na maji. Mwache, na mpira unaofuata mwambie mwenzake ampe yeye.