Kodi ya tumbako na matunzo ya wote: nani anamulipia nani?

(Maneno yaliyosomwa kwa mukutano wa chama, Kasongo)



Mukutano uliopita tuliachana na ubishi. Mmoja wetu alisema Leta iongeze kodi kwa sigara, na ile feza ilipe matunzo ya kila mtu. Mzee wetu mwingine, mwenye kuvuta, akauliza: “Mimi maskini nivute, halafu mimi njo nilipie dawa tajiri asiyevuta?” Tulicheka, lakini hakuna aliyemujibu.

Kambini Nyarugusu tulitibiwa bila kulipa. Tuliporudi tulikuta kila kitu na bei yake: fishi, dawa, kitanda. Njo maana tuko na kaisi. Lakini kaisi ya watu waliokuta nyumba zimechomwa ni ndogo. Opereshe moja ya uzazi inaimaliza. Mama mmoja wetu alizuiliwa hopitalini majuma matatu kisha kujifungua, sababu ya bili.

Sheria iko. Ordonanse ya tarehe 3 Machi 2023 imeweka njia ya afya kwa wote, na uzazi wa bure ulianzia Kinshasa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Feza ya kuufikisha mpaka Salamabila itoke wapi? Ufilipino, mwaka 2012, walipandisha kodi ya tumbako na pombe, na sehemu kubwa ya nyongeza ikaenda kwa afya, hata kuwalipia maskini bima. Tena bei ikipanda, vijana na watu wa mfuko mudogo njo wanapunguza kuvuta mbele ya wengine. Hiyo peke yake ni faida.

Lakini tusimudanganye mzee. Asiyeweza kuacha atalipa, na franga zile zile zinauma mfuko wake kuliko wa mufanyabiashara. Sisi tunaona kodi hii ni ya haki kama inarudi kwake: kikohozi chake kipimwe, binti yake azae bila deni. Ikibaki Kinshasa, basi maskini wa Kabambare amelipia hopitali ya wengine, na swali lake lilikuwa sawa.

Kuna jambo lingine linatuogopesha zaidi. Ushuru wa sigara unalipwa na kiwanda ao mwenye kuingiza mali, kwa DGDA. Si kazi ya bariera. Wajane wetu wanapanda tumbako, wanakausha majani, wanauza sokoni kwa vifungu. Kesho mutu wa bariera atasema “kodi ya afya” na kukamata kitunga cha mama, huku katoni za magendo zikipita usiku. Tunajua barabara zetu.

Na hapa Kasongo hatuanzi na sifuri. Miaka ya 1970, wanganga wa kwetu pamoja na wa Antwerp walionyesha kwamba vituo vidogo, karibu na vijiji, vinaweza kutunza watu vizuri. Feza ifike huko, isiishie kwa maofisi.

Mzee wetu amekubali kulipa. Ameomba kitu kimoja: karatasi ibandikwe ukutani pa kituo cha afya kila miezi mitatu, iandike ni feza ngapi ya tumbako imefika na imenunua nini. Komite itapeleka ombi hilo kwa ofisi ya zone ya afya juma lijalo. Mwenye kutaka kutia sahihi, daftari iko kwa mama mweka kaisi.