Kusomea mipango miji hapa London: nani anaweza, na kwa gharama gani

Hotuba iliyotolewa na mhudumu wetu wa familia kwenye mkutano wa Jumamosi. Tumeiandika kama ilivyosemwa.

Najua Jumamosi ndiyo siku ya sokoni na ya kupiga simu kwa ndugu tuliowaacha, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya masomo ya juu. Nimechagua somo moja tu, kwa sababu ndilo ninalolijua: mipango miji na mikoa. Mimi mwenyewe nalisomea shahada ya uzamili, ile tunayoiita masters. Nasoma pole pole, kwa miaka miwili, huku naendelea kushughulikia kesi zenu. Huu ni mwaka wangu wa pili.

Mtu wa mipango miji anafanya nini? Mkitoka hapa, angalieni nguzo za taa barabarani. Mara kwa mara mtaona karatasi imefungwa ndani ya plastiki. Wengi wetu tunapita tu. Karatasi ile inasema kwamba fulani anaomba ruhusa ya kujenga ghorofa kadhaa mahali hapo, au kugeuza duka kuwa nyumba, na kwamba wewe mkazi unaweza kutoa maoni yako, kwa kawaida ndani ya siku 21. Nyuma ya karatasi hiyo kuna ofisa anayesoma ramani, anayesoma maoni, anayepima jua la jirani, njia ya basi, nafasi ya shule, kisha anaandika ushauri wake. London ina halmashauri 33, yaani boroughs 32 na City of London, na zote zina kazi hiyo. Juu yao yuko Meya na mpango wake wa jiji zima, ambao wa sasa ulitolewa mwaka 2021.

Sasa sikilizeni jambo ninalotaka mwondoke nalo leo. Kazi hii sisi tumeishi ndani yake kabla ya kujua jina lake.

Mimi nimekulia Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine hapa mmetoka Nakivale, wengine Kakuma, wengine Dzaleka. Darasani hapa London nilifundishwa vipimo vya kupanga kambi: mita za mraba 45 kwa kila mtu, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba, choo kimoja kwa watu 20, na nafasi wazi ya mita 30 kila baada ya mita 300 za nyumba ili moto usivuke. Wenzangu walikuwa wanaandika namba. Mimi nilikuwa nahesabu ndoo. Namba haikuambii nani anaamka saa kumi usiku kuwahi foleni, wala ni njia gani mama hapiti giza likiingia. Ninyi mnajua. Mtu alichora mahali tulipoishi, na wengi wetu hatukuulizwa neno. Ujuzi huo tulioupata kwa taabu ndio chuo hutaka uueleze unapoomba nafasi.

Na msidhani mkimbizi kuwa mpanga miji ni jambo jipya hapa. Otto Koenigsberger alikuwa Myahudi wa Ujerumani, msanifu majengo. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza kazi, akaondoka nchini kwake. Alipita Misri, akafika India mwaka 1939. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, mamilioni ya watu walipoteza makazi, naye akapewa na serikali kazi ya nyumba na miji ya kuwapokea wakimbizi hao. Baadaye akahamia London, na mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa walioanzisha idara ya kufundisha ujenzi wa nchi za joto. Idara hiyo ilihamia University College London mwaka 1971, na mpaka leo iko pale kwa jina la Development Planning Unit. Wanafunzi wa Afrika wamepita hapo miaka mingi. Kwa hiyo ukiingia mlango ule, unaingia nyumba iliyojengwa na mtu aliyekimbia kama wewe.

Sasa tuje kwenye mambo ya kweli. Nani anaweza?

Kwanza, aliye na shahada ya kwanza. Si lazima iwe ya mipango miji. Jiografia, sheria, uchumi, sosholojia, usanifu majengo, zote hukubaliwa. Kuna baba mmoja niliyemhudumia, alikuwa ofisa ardhi wilayani kwao. Sasa anafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Shahada yake imo kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na alidhani imekwisha nguvu kwa sababu ni ya zamani na ni ya kwetu. Haijaisha. Kama ulisoma Ardhi pale Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Nairobi, au Makerere, au una licence ya Bukavu au Lubumbashi, karatasi hiyo ina thamani. Shirika linaloitwa UK ENIC hutoa barua ya kueleza shahada yako inalingana na ipi ya hapa. Barua hiyo ni ya kulipia. Kwa hiyo uliza chuo kwanza, maana vyuo vingine hupima vyenyewe bila kukudai barua.

Pili, Kiingereza. Vyuo vingi vinataka IELTS ya 6.5 au 7. Huko si kuzungumza dukani, ni kuandika. Aliye kwenye darasa la ESOL leo ajipe mwaka mmoja au miwili. Si muda wa kupotea, ni ngazi.

Tatu, chagua kozi iliyothibitishwa na Royal Town Planning Institute, chama cha wataalamu wa kazi hii tangu 1914. Hapa London zipo UCL, Westminster na LSE, na vyuo vingine pia. Ukisoma siku zote ni mwaka mmoja, ukisoma kwa nusu muda ni miwili. Ukimaliza na kupata uzoefu wa kazi, unaweza kuomba uanachama kamili wa chama hicho.

Sasa fedha, maana ndipo panapouma.

Ninyi mlioletwa kwa mpango wa makazi mapya mna hadhi ya ukimbizi. Maana yake mnaweza kuomba mkopo wa masters wa serikali bila kungoja miaka mitatu, na chuo kikutoze ada ya mwenyeji badala ya ile ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo ni kubwa mno. Kwa kozi zilizoanza kati ya Agosti 2025 na Julai 2026 mkopo ulikuwa hadi pauni 12,858. Lazima uwe chini ya miaka 60, na uwe huna masters tayari. Huanzi kulipa mpaka mshahara wako upite pauni 21,000 kwa mwaka, na unakatwa asilimia 6 ya kile kilichozidi tu. Ukipata 30,000, unakatwa 540 kwa mwaka, yaani 45 kwa mwezi.

Lakini nisiwafiche. Katika vyuo vingine ada peke yake inazidi mkopo huo, na bado hujala wala hujapanda basi. Mkopo una riba. Kwa ndugu zetu Waislamu hilo ni swali zito, basi zungumza na shehe wako kabla ya kutia sahihi, si baada. Na ukiwa kwenye Universal Credit, kusoma siku zote kunaweza kukutoa kabisa, isipokuwa kwa watu kama wenye watoto wa kulea, na hata hao sehemu ya mkopo huhesabiwa kama kipato. Usitie sahihi popote kabla hatujakaa mimi na wewe na kupiga hesabu ya nyumba yako. Vyuo vingi vina ufadhili unaoitwa Sanctuary. Soma masharti vizuri, kwani mwingine ni kwa wanaosubiri hifadhi tu, na mwingine unawahusu wenye hadhi pia.

Kuna hesabu nyingine ambayo benki haiioni. Kule nyumbani wanasubiri pesa. Ukipunguza zamu ili usome, kuna mtu Kigoma au Uvira atakosa ada ya shule mwezi huo. Simwambii mtu aseme hapana kwa mama yake. Nasema mkae kama familia, mwaeleze walio mbali ukweli, mpange kiasi kidogo kitakachotumwa bila kukosa. Kidogo cha uhakika kinashinda kikubwa cha kubahatisha. Na baba zangu, mkipima nani asome, msiruke jina la mama wa nyumba. Darasani kwetu wapo wanawake wenye watoto watatu.

Mtaniuliza, taabu yote hii ya nini, wakati ghala linalipa leo? Ni kwa sababu mitaa tunayopewa kuishi ndiyo inayobomolewa na kujengwa upya. Tangu Julai 2018, mradi wa kubomoa nyumba za halmashauri ukitaka fedha za Meya wa London, kwa kawaida wakazi lazima wapige kura kwanza. Watu wetu hawaendi kupiga, kwa sababu barua ilikuja kwa lugha ngumu. Pale Seven Sisters, soko lenye wafanyabiashara wengi wa Amerika ya Kusini lilipangiwa kubomolewa. Wenyewe waliandaa mpango wao, wakapambana miaka mingi, na mwaka 2021 kampuni iliyotaka kujenga ikajitoa. Walikuwa na watu wanaojua kusoma ramani. Sisi wetu ni wangapi?

Basi, kazi ya nyumbani ni hii. Leo jioni toa shahada yako chini ya kitanda, ipige picha pamoja na matokeo ya masomo, uniletee. Aliyepoteza karatasi vitani aniletee jina la chuo na miaka aliyosoma, tutaandika barua. Aliye na Kiingereza kidogo ajiandikishe ESOL juma hili. Maombi ya masters hupelekwa chuoni moja kwa moja, na masomo huanza Septemba, hivyo ni vizuri kuanza mapema. Na wewe usiyetaka kusoma kabisa, soma ile karatasi kwenye nguzo ya mtaa wako. Ikikushinda, ipige picha unitumie. Tutaisoma pamoja kabla siku 21 hazijaisha.

Nipo ofisini Jumanne na Alhamisi.