SAA YA KAZI IANDIKWE KATIKA MKATABA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme habari za mikataba ya kazi. Najua wengi wenu mkisikia neno mkataba mnaona ni jambo la makarani na mawakili. Basi nitawapa mfano wa mtu aliyekuwa na mawakili, aliyekuwa na jina kubwa, na mshahara uliopita wetu sisi sote tukijumlishwa, na hata hivyo akabanwa kwa sababu ya jambo moja ambalo halikuandikwa.

Mtu huyo ni Conan O'Brien, mchekeshaji wa Marekani. Tangu 1993 aliendesha kipindi cha usiku sana katika shirika la televisheni la NBC, mjini New York. Mwaka 2004 shirika lilitangaza kwamba baada ya miaka mitano atapewa kipindi kikubwa zaidi, The Tonight Show, kilichoanza 1954, ambacho wakati ule kilikuwa mikononi mwa Jay Leno. Akangoja. Tarehe 1 Juni 2009 akaanza kazi hiyo katika Los Angeles. Wafanyakazi wake wengi walihama pamoja naye kutoka New York, yaani kutoka pwani moja ya nchi ile mpaka pwani ya pili, wakachukua na jamaa zao.

Sasa sikilizeni lililotokea. Shirika halikutaka Leno aende kwa washindani wake. Likampa kipindi cha saa 4 usiku, siku tano kwa juma, kuanzia Septemba 2009. Kipindi hicho kilikuwa na gharama ndogo, lakini watazamaji walikuwa wachache. Stesheni za miji mingi zinazopokea vipindi vya NBC zikalalamika kwamba habari zao za saa 5 usiku zinapoteza watazamaji. Hata watazamaji wa O'Brien walikuwa wamepungua. Hatusemi kwamba shirika halikuwa na shida. Lilikuwa nayo. Swali ni hili: shida ya tajiri ilipwe na nani?

Januari 2010 shirika likaleta shauri lake. Leno arudi saa 5.35 usiku kwa nusu saa, na The Tonight Show isukumwe mpaka saa 6.05. Jina la kipindi ni lile lile, kazi ni ile ile, ila saa imebadilika. Mkataba ukatazamwa. Ulimwahidi O'Brien kipindi, lakini, kama magazeti ya wakati ule yalivyoeleza, haukutaja saa ya kipindi hicho.

Ndugu zangu, mnaona shimo lilipokuwa? Watu wote walijua saa ya kipindi. Kila mtu aliichukua kuwa jambo la kawaida lisilohitaji kuandikwa. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Saa zako ni mali yako.

Tarehe 12 Januari 2010 O'Brien alitoa barua. Hakutukana mtu. Alieleza kwamba hatakubali kipindi kisogezwe mpaka baada ya saa sita, kwa kuwa huko ni kukiharibu. Tena akasema kwamba kusogezwa kwake kungemsukuma pia mwenzake aliyemfuata, Jimmy Fallon, usiku zaidi. Hapo alisema kama mfanyakazi anayejua kwamba zamu ya mmoja ikiguswa, ya mwingine haibaki mahali pake.

Kukawa na mazungumzo ya siku nyingi. Tarehe 21 Januari mapatano yakatiwa sahihi, na tarehe 22 akafanya kipindi chake cha mwisho, chini ya miezi minane tangu kuanza. Ilitangazwa kwamba shirika litalipa kiasi cha dola milioni 45: karibu milioni 33 kwake, na karibu milioni 12 kwa wafanyakazi wake, ambao walikuwa kiasi cha 200. Naye akazuiwa kuonekana katika televisheni mpaka Septemba. Akazunguka mijini akichekesha watu majukwaani, na Novemba 2010 akaanza kipindi kipya katika stesheni ya TBS, kilichoendelea mpaka 2021.

Mtu atauliza: Bwana, milioni 33 zinatuhusu nini sisi? Mtu yule hakulala njaa. Ni kweli. Lakini watazameni wale 200: wapiga picha, washonaji, makarani, waandishi. Majina yao hayakuwa gazetini. Wengi wao walihama nchi nzima kwa ajili ya kazi iliyodumu miezi michache. Fungu lao lilikuwa moja ya mambo yaliyobishaniwa, na walilipata kwa sababu mtu mwenye nguvu alikaa upande wao mezani. Kama angalikuwa mtu wa kujijali mwenyewe, wangaliondoka na nini?

Ndipo nasema, wema wa mtu mmoja ni jambo la kushukuru, lakini si mapatano. Waandishi wa Marekani waligoma kutoka 5 Novemba 2007 mpaka 12 Februari 2008, chini ya chama chao, Writers Guild of America. Wakati ule O'Brien alilipa kwa fedha zake mishahara ya wafanyakazi wake wasio waandishi. Wema mkubwa. Lakini wema hauna kifungu. Ukikoma, huwezi kuushtaki. Sisi hatuna mtu maarufu wa kutusemea. Tuna chama.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Kazi ya Kenya ya 2007 inasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ndani yake zitajwe saa za kazi, mahali pa kazi na mshahara. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Na kazi ikipungua watu wakaachishwa, chama na afisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, na kila mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Hilo ni haki, si zawadi ya tajiri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aitafute barua yake ya kuajiriwa na kuisoma. Asiyeweza asomewe na mwenzake. Pili, kama saa za zamu hazikuandikwa, amwambie wakili wa chama kabla ya kukubali mabadiliko yo yote kwa mdomo. Tatu, mtu asitie sahihi peke yake ofisini kwa kuharakishwa. Aombe nakala, na siku ya kufikiri.

O'Brien alijua kosa la karatasi yake siku ambayo saa yake ilikuwa imekwisha kuguswa. Ninyi zisomeni zenu juma hili, wakati bado hakuna aliyewagusa.