Kadi ya Kamera Ikikataa, Tulia Kwanza

Mazungumzo na makatibu wa vikundi, semina ya utunzaji wa kumbukumbu

Habari ya vitabu vya hesabu tutaiacha mpaka alasiri. Sasa hivi tuongee juu ya kitu kidogo kama stempu ya barua, ambacho huenda kimebeba kazi ya kikundi chako ya mwaka mzima: kadi ya kamera.

Mturuhusu kwanza tuungame kosa letu. Tulipiga picha za mradi wa maji: mitaro ikiwa wazi, mabomba yakilazwa, na mzee aliyetoa kipande cha shamba lake kwa ajili ya tangi, amesimama kando na jembe. Kabla hatujazihamisha, kamera ikaandika kwamba kadi ina kasoro, ikauliza kama tunataka kuifomati. Siku hiyo ilikuwa ya harambee ya zahanati na wageni walikuwa wameketi wanangoja. Tukabonyeza ndiyo. Kadi ikakubali, tukapiga picha za harambee, tukaenda nyumbani tumefurahi.

Baadaye yule mzee akafariki. Watoto wake wakaja kutuomba ile picha. Fundi alijitahidi, akarudisha picha kadhaa za mitaro, lakini ya mzee haikupatikana. Mitaro imefukiwa na mzee amezikwa. Hakuna anayeweza kurudi kupiga tena.

Sasa, jameni, tuelewe kilichotokea. Kadi ni kama kitabu cha nyimbo. Kuna nyimbo zenyewe, na kuna ukurasa wa mbele unaoonyesha kila wimbo uko wapi. Mara nyingi kamera ikisema kadi ina kasoro, ni ule ukurasa wa mbele ulioharibika. Nyimbo bado zimo. Na ukifomati ndani ya kamera, kwa kawaida unachofuta ni ule ukurasa. Hasara kamili inakuja unapoandika wimbo mpya juu ya ule wa zamani. Kwa hiyo kosa letu kubwa lilikuwa zile picha za harambee. Ndizo zilizomfunika mzee.

Basi kadi ikikataa, fuata hatua hizi.

Kwanza, zima kamera. Usipige picha hata moja. Ikiuliza kufomati, kataa.

Pili, toa kadi uitazame. Pembeni kuna kitufe kidogo, na hapo pameandikwa LOCK. Kikiteleza upande huo, kamera haiwezi kuandika wala kufuta. Kirudishe tu, huenda kazi imekwisha.

Tatu, vile vipande vya rangi ya dhahabu nyuma ya kadi hushika vumbi na jasho. Vipanguze polepole kwa kitambaa kikavu, safi. Kama ni kadi ndogo ya simu iliyovalishwa ganda la kadi kubwa, jaribu ganda lingine.

Nne, uliza kama kamera inaijua kadi hiyo. Kamera za zamani sana hutumia kadi zisizozidi GB 2. Zile za aina ya SDHC, iliyoanza mwaka 2006, hufika GB 32. Ukitia kadi ya GB 64 ndani ya kamera kama hiyo, inaweza kukuambia ufomati, na kumbe picha zako ni nzima! Irudishe katika kamera ilikotoka.

Tano, peleka kadi kwenye kompyuta yenye kisoma kadi. Ikifunguka, nakili kila kitu kabla ya kujaribu dawa nyingine yoyote. Kompyuta nayo ikiuliza kufomati, kataa vilevile. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haitegemei ule ukurasa wa mbele, inatafuta picha moja moja. Lakini zile inazopata zihifadhi kwenye diski ya kompyuta au flashi nyingine, si kwenye kadi ileile. Ukifanya hivyo utakuwa unamfunika mzee mara ya pili.

Kadi isipoonekana kabisa kwa kompyuta yoyote, ujue kifaa chenyewe kimekufa. Hapo programu za bure hazitasaidia. Ni kazi ya fundi mwenye vyombo maalum, na gharama yake si ndogo. Kamati ikae iamue kama picha zina thamani hiyo.

Muwe macho pia na kadi za bei ya kutupa. Nyingine zimeandikwa GB 64 na ndani hazifiki hapo. Picha za kwanza hutoka sawa, za baadaye zikawa vipande vipande. Kadi mpya ijaribiwe kabla ya kazi kwa programu kama H2testw, ambayo huijaza yote kisha ikasoma kama kilichoandikwa kimo.

Na kinga ni rahisi. Usitoe kadi wakati taa ya kamera inawaka. Usiendelee kupiga betri ikiwa karibu kwisha. Hamisha picha siku ileile, uziweke mahali pawili, kwa mfano kompyuta ya ofisi na flashi anayoiweka mwekahazina nyumbani. Ukishahakikisha zote zinafunguka, ndipo ufomati kadi, tena ndani ya kamera yenyewe. Na kadi iliyowahi kukataa bila sababu usiibebe tena kwenye mradi.

Tunasema haya kwa sababu picha ni risiti yetu kwa wafadhili, na kwa wajukuu watakaouliza maji haya yaliletwa na nani. Leo jioni, kila katibu akifika nyumbani, ahamishe zilizo kwenye kadi yake. Asingoje kesho.

Sasa tupokee maswali.