Daftari, Kuni na Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

(Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi hapa kambini, siku ya maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni)



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya utafiti ambao wanafunzi wa vyuo vikuu huja kuufanya kuhusu mazingira na afya yetu. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu wanapokuja, mimi huitwa kuwa mkalimani. Wengi wenu mmenizoea nikitembea nyuma ya kijana mwenye begi mgongoni na karatasi mkononi, na watoto wakitufuata nyuma kama tunagawa pipi. Nitaanza na faida ya utafiti wenyewe, kisha nitasema jambo linalonisumbua, nami mwenyewe nimo ndani yake.

Wengi wetu tumetoka Uvira, Baraka na Fizi. Uvira watu wanaijua kipindupindu kama wanavyojua mvua. Sasa, watafiti wa chuo cha afya cha London walichukua madaftari ya aina mbili. La kwanza ni la mitambo ya maji ya mji, ambamo karani huandika kila siku maji kiasi gani yamesukumwa katika bomba. La pili ni la kituo cha kutibu kipindupindu, ambamo muuguzi huandika kila mgonjwa anayeingia. Waliyaweka pamoja, siku kwa siku, tangu mwaka 2009 hadi 2014. Walikuta kwamba siku maji ya bomba yakikatika kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa huongezeka zaidi ya mara mbili kuliko maji yakitoka vizuri. Tena walikadiria kwamba katika kila wagonjwa 100, kama 23 hivi wanatokana na upungufu huo wa maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baadaye ilianzishwa kazi ya kuongeza maji katika mji ule, na watafiti wakarudi kupima kama inasaidia.

Mama yeyote wa Uvira angesema, hilo tulilijua, bomba likikauka tunashuka ziwani na mitoni. Ni kweli. Lakini neno la mama halikuwa limeandikwa popote, na mwenye fedha hatoi fedha kwa neno lisiloandikwa. Mimi ninayemsifu zaidi hapo ni karani wa maji na muuguzi, ambao hawakujua kama kuna mtu atakuja kuyasoma madaftari yao. Wao waliandika tu, kila siku, hata siku za vita.

Ziwa letu la Tanganyika nalo limesomwa sana na wanafunzi. Kuanzia mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Arizona cha Marekani kiliongoza mradi ulioitwa Nyanza, uliowaleta Kigoma wanafunzi wa Marekani pamoja na wa nchi zetu za ziwani, wakapima maji, samaki, konokono na matope. Kutoka chuo hichohicho alikuwako Catherine O'Reilly, aliyelisoma ziwa akitafuta shahada yake ya udaktari. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionyesha kwamba ziwa limepata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba iliyoko chini hubaki huko. Mimea midogo ya majini hupungua, na dagaa na migebuka hukosa chakula. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kama asilimia 20, na kwamba samaki wangeweza kushuka kama asilimia 30. Wavuvi wazee walio hapa walikuwa wakisema ni uchawi, au ni nyavu za jirani. Nyavu zimo katika lawama, hilo halifutiki, lakini kumbe na joto limo. Aidha, watafiti wa ziwa walikwisha kuonyesha, tangu mwaka 1993, kwamba mlima ukikatwa miti, udongo huteremka na mvua ukafunika mawe ya ufukweni, na aina za samaki na viumbe wengine wanaoishi kwenye mawe hayo hupungua. Kwa hiyo mti unaokatwa mlimani unahesabiwa hadi majini.

Hapo ndipo nafika kwenye kuni.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mwanafunzi wa chuo kimoja cha mbali. Alikuwa kijana mpole, aliyeondoa viatu kabla ya kuingia katika nyumba za watu. Alitaka kujua juu ya kuni, moshi na kikohozi. Swali lake la nne lilikuwa, "Unapata kuni wapi?" Nikatafsiri. Mama wa kwanza alinitazama mimi, hakumtazama yeye, akajibu, "Hapa hapa karibu." Nikatafsiri, "Karibu." Mama wa pili, karibu. Nyumba ya kumi na moja, karibu.

Mimi nilijua. Mama yule wa kwanza ni jirani yangu, na huondoka saa kumi za alfajiri na kurudi jua likiwa kichwani. Utaratibu ulikuwa kwamba mkimbizi asipite kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na ndani ya kilomita hizo kuni zilikuwa zimekwisha zamani. Kwa hiyo kila aliyepika alikuwa amevunja utaratibu, au amenunua kwa aliyeuvunja. Huko mbali wako waliopigwa, wako walionyang'anywa panga na kanga, na wako waliofanyiwa mabaya ambayo sitayasema mbele ya watoto. Nani angemwambia mgeni mwenye karatasi?

Nami nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kazi ya mkalimani ni kutafsiri, si kusahihisha. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kuwachongea jirani zangu, na kwamba nilikuwa nalipwa kwa siku, nikataka kazi iishe kwa amani. Jioni yule kijana alihesabu karatasi zake akafurahi kwamba majibu yanafanana.

Nilipofika nyumbani nilimweleza yaya wangu (ndugu zetu wa mashirika, kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto). Akasema, "Umefanya vizuri, mdogo wangu. Ungesema kweli wangetufunga." Akachochea moto, akakohoa, akasema tena, "Lakini sasa wataandika kwamba kuni ziko karibu."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Anayesoma kwamba kuni ziko karibu, kwa nini alete nishati nyingine? Ripoti yenyewe sikuiona, wala hakuna hapa aliyeiona. Ilikwenda.

Nisiseme ni hofu peke yake. Swali la kikohozi lilipoulizwa, watoto wote wa zoni ile walikuwa wanakohoa, kwa sababu ilikuwa imevuma kwamba wanaokohoa watapewa blanketi. Tucheke, ndiyo, lakini mwenye mtoto anayekohoa kweli alipotea humo ndani.

Baadaye alikuja binti, Mtanzania, naye mwanafunzi wa chuo kikuu. Safari hii nilimweleza kabla hatujatoka ofisini. Hakuniuliza majina. Alikaa kimya, kisha akalifuta swali lile akaandika jingine: "Unaondoka saa ngapi kwenda kutafuta kuni, na unarudi saa ngapi?" Swali hilo halimshitaki mtu. Kila mama alilijibu, na saa zenyewe zilisema umbali. Alipomaliza kila nyumba alimsomea mwenyewe yale aliyoandika, akamwonyesha kwamba jina halimo.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona. Alirudi na karatasi moja ya Kiswahili, tukakaa chini ya mwembe, akasoma alichokipata. Akina mama wakamsahihisha palepale. Walisema, "Umehesabu kuni za kubeba, hukuhesabu kuni za kununua. Tunatoa unga wa mgao, tunapewa mzigo." Binti alishika kichwa. Maana yake ni kwamba kuni zilikuwa zinaliwa kutoka katika sahani za watoto, na katika karatasi zake mtoto yule angeonekana amepata mgao kamili. Kama asingerudi, asingejua.

Wapo wanaosema, haya yote ya nini, leteni majiko mazuri basi. Nami nilisema hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo wengi. Lakini sikilizeni habari ya Malawi. Huko watafiti waligawa majiko yanayotoa moshi kidogo katika vijiji kadhaa, wakavilinganisha na vijiji vilivyobaki na moto wa kawaida, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2017 wakachapisha bila kuficha: nimonia haikupungua. Mtoto aliendelea kuvuta moshi wa takataka, wa tumbaku, wa jirani. Hayo si maneno ya kumfurahisha aliyenunua majiko, lakini yalisemwa, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Haina maana kwamba jiko ni bure. Maana yake ni kwamba tusidanganyane na jiko.

Darasani kwangu tumejaribu kwa kadiri yetu. Tuliazima mizani ya kuning'iniza, wanafunzi wakapima kuni za nyumbani kabla ya kupika na baada ya kupika, wakaandika. Tulidhani jiko la udongo litashinda mafiga kila mahali. Haikuwa hivyo. Mama mmoja mwenye jiko zuri alitumia kuni nyingi kuliko jirani yake wa mafiga. Watoto walichunguza wakaona sufuria yake ni ndogo kuliko mdomo wa jiko, na kuni zake ni mbichi. Jirani alikuwa amekausha kuni juu ya paa, ameloweka maharage tangu usiku, na amefunika sufuria. Daftari hilo liko, karibuni mlione, ingawa baadhi ya tarakimu zinasomeka kwa shida na ukurasa mmoja umeliwa na mbuzi.

Ndugu zetu wa mashirika, nawaomba mnapowapa wanafunzi ruhusa ya kuja, muweke sharti kwamba kabla hawajaondoka wasome matokeo yao ya mwanzo mbele ya waliojibu, kwa Kiswahili, hata kama ni karatasi moja. Sharti hilo halihitaji bajeti. Na mtu akijibu kwamba amepita mpaka kutafuta kuni, jibu hilo lisifanywe kosa lake.

Akina mama, mnayo haki ya kuuliza swali kabla ya kujibu: karatasi hii inakwenda wapi, na nani ataisoma? Mnayo pia haki ya kukataa. Lakini mkikubali, naomba tusiseme tena karibu. Nami mkalimani wenu nimeahidi mbele ya Kamati kwamba nitakapoona hofu katika jibu, nitamwambia mgeni pembeni kwamba swali lake ni baya, alibadilishe, bila kutaja nyumba ya mtu.

Wakalimani wote wa zoni tutakutana Jumamosi saa tatu asubuhi katika darasa la nne, tupitie maswali ya wanafunzi wanaotazamiwa kuja baada ya mavuno. Tunahitaji wanawake zaidi, kwa sababu yako mambo ya njia ya kuni ambayo mama hatamwambia mwanaume, hata akiwa mwalimu. Yaya wangu amekubali kuwa wa kwanza.