Karatasi ya Kahawia

(Mazungumzo yetu na kamati za parokia na wageni wafadhili, katika semina ya siku moja kuhusu wagombea wa kaunti)



Tumeombwa kusema machache juu ya Uchaguzi Mkuu uliopangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Hatukuja kumpigia debe mtu yeyote. Tumekuja kwa sababu mwaka 2022 sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu likawagharimu watu wanaotegemea zahanati.

Wiki chache kabla ya uchaguzi ule tuliwaalika wagombea wa wadi katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani. Tuliwauliza wagombea juu ya paa la shule ya upili, juu ya vitambulisho vya vijana, juu ya umeme na juu ya polisi. Kila mmoja alijibu ndiyo, nipeni kura tu. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Hayo si ya ofisi ninayoomba," na sisi hatukujua vya kutosha kumbana. Juu ya dawa hatukuuliza neno. Baada ya uchaguzi dawa zikakosekana, nasi tukafunga safari mara tatu kwenda ofisi ya mbunge. Safari ya tatu karani akatuambia kwa upole kwamba tunabisha mlango usio wetu, maana zahanati ni ya kaunti. Miezi ilikuwa imekwisha kupita, na akina mama walikuwa wakinunua dawa dukani kwa fedha walizoweka za mbegu.

Basi tuanze na karatasi zenyewe. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita. Mwaka 2022 ya Rais ilikuwa nyeupe, ya Gavana buluu, ya Seneta njano, ya Mbunge kijani, ya Mwakilishi wa Wanawake zambarau, na ya mwakilishi wa wadi kahawia. Tukiwa wakweli, nyumbani na njiani tunabishana juu ya ile nyeupe miaka mitano mizima. Ile ya kahawia wengi wetu tunaijaza kwa kuangalia chama, au kwa sababu mgombea ni mtoto wa fulani.

Lakini tazameni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kaunti ndizo zilizokabidhiwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na mifugo, masoko, barabara za kaunti, maji na usafi, hata uzoaji wa taka. Shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali ya kitaifa, pamoja na polisi na vitambulisho. Kwa hiyo karibu kila mradi ambao wafadhili wetu wameusaidia katika parokia hizi, uwe wa kisima, wa chekechea au wa chanjo, unaishi au unakufa kwa maamuzi ya watu wawili: gavana anayepanga na kutumia, na mwakilishi wa wadi anayepitisha bajeti na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Nchi ina wadi 1,450, na hakuna mwanasiasa aliye karibu nasi zaidi ya huyo wa wadi. Ni yeye tunayekutana naye sokoni, na ndiye tunayemhoji kidogo kuliko wote.

Tuna ushahidi kwamba Wakenya huziona karatasi za kaunti kuwa ndogo. Mwaka 2022 karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa zilichapwa zikiwa na picha za wagombea wasiostahili kuwapo. Uchaguzi wa magavana hao ukaahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti, na hatimaye ukafanyika tarehe 29. Siku hiyo Rais hakuwa kwenye karatasi, na foleni zikawa fupi. Mombasa ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 waliosajiliwa, na Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083. Hatumlaumu, alishinda kwa kura za waliofika. Lakini mtu anayeshika hospitali, maji na masoko ya mji wote alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya kila watano waliosajiliwa.

Mgeni wetu mmoja alituuliza asubuhi, wakati wa chai, kama karatasi zetu zina pia maswali ya ndiyo na hapana. Kwao Marekani, alisema, mpiga kura wa kaunti anaweza kumchagua diwani na siku hiyo hiyo akaamua juu ya kodi ya maktaba au mkopo wa kujenga shule. Swali zuri. Kwetu uchaguzi wa kaunti ni wa watu tu. Maswali ya ndiyo na hapana tumeyajua kwa njia ya kura ya maoni ya nchi nzima. Novemba 2005 tulichagua kati ya ndizi na chungwa, na ndizi, yaani ndiyo, ikashindwa. Tarehe 4 Agosti 2010 rangi ya kijani ikashinda kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura halali, na kutokana na kura hiyo tukapata hizi kaunti 47 tunazozizungumzia.

Hata hivyo iko njia ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu kura ya maoni ndani ya kaunti juu ya sheria za kaunti, au juu ya mipango na uwekezaji unaowagusa wakazi, ikiwa ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa wa kaunti hiyo. Ni mlima mrefu, hatuwadanganyi. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mkazi yeyote kupeleka ombi la maandishi kwa serikali ya kaunti, na barua moja iliyoandikwa vizuri haihitaji asilimia 25 ya mtu yeyote.

Na msisahau nafasi ya mwakilishi wa wadi hata katika maswali ya nchi nzima. Mtu akitaka kubadili Katiba kwa kukusanya saini milioni 1 za wananchi, mswada wake lazima upitishwe na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24. Mwaka 2019 mswada wa Punguza Mizigo, uliotaka kupunguza wabunge na kuifanya wadi kuwa kitovu cha maendeleo, ulikataliwa na mabunge mengi ya kaunti. Mapema 2021 mswada wa BBI, uliotaka kaunti zipewe asilimia 35 ya mapato ya taifa badala ya kiwango cha chini cha asilimia 15, ulipitishwa na zaidi ya mabunge 40. Mwezi ule ule wa Februari wawakilishi wa wadi walikuwa wameidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Mahakama ya Juu iliuzima mswada huo Machi 2022. Wengine wanasema mabunge yalikuwa sahihi mara zote mbili, wengine wanasema yalikosea zote mbili. Tunachouliza sisi ni nani kati yetu aliyemwendea mwakilishi wake kumwambia lolote kabla hajapiga kura ile. Katika ofisi yetu hakuna aliyekwenda.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa mfukoni, na tunaomba tusikasirikiane. Ni harambee. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 26, inamzuia anayetaka kugombea kushiriki harambee ya hadhara katika miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Hesabuni wenyewe kurudi nyuma kutoka 10 Agosti 2027, mtafika 10 Desemba 2026. Na tusijifiche nyuma ya tarehe. Hata kabla ya hapo, bahasha inayowekwa mezani mbele ya altare hununua kitu. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa fedha ambazo Rais na gavana wa Nairobi walikuwa wametoa katika kanisa la Soweto, likasema zirudishwe. Kwa kamati yenye deni la saruji huo ni uamuzi mgumu, tunaelewa. Lakini kamati iliyopokea mabati ya mgombea Jumapili haiwezi Jumatatu kumuuliza kwa nini zahanati haina dawa.

Kwa hiyo safari hii tumeandaa maswali yetu kwa namna nyingine. Mgombea wa wadi tutamuuliza atatafuta wapi katika bajeti ya kaunti fungu la dawa za zahanati yetu. Tutamuuliza kama anajua kwamba mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na kama ataitisha mkutano wa wadi kabla ya kila tarehe au baada yake. Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa mno. Wagombea wa ugavana tutawauliza juu ya mpango wa miaka mitano utakaofuata ule wa 2023 hadi 2027, maana atakayeshinda ndiye atakayeuandika. Akiahidi kujenga shule ya upili, mwenyekiti atamkatiza kwa heshima na kumwomba arudi kwenye kazi ya gavana. Mwenyekiti wetu amekubali kazi hiyo, ingawa mkewe amemwonya kwamba atapoteza marafiki.

Tunaomba kila kamati ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke au kijana, wajifunze kusoma bajeti ya kaunti. Tutawafundisha kwa siku mbili hapa hapa ukumbini. Waje na kalamu na kikokotoo, chakula kipo.

Kuhusu paa la kigango kilichoungua, mgeni wa heshima hatakuwa yule aliyetajwa kwenye kadi za kwanza. Kadi mpya zimekwisha kuchapwa. Tumemwalika mwalimu mstaafu wa chekechea, na mabati yaliyobaki kununuliwa ni sitini na mbili.